Rada Iliyopambwa kwa Ajili ya Wageni

Mama,
Salamu nyingi zikufikie hapo Moba. Mwili wangu ni muzima, ila roho inachemka.

Unajua nilitumwa Kalemie kupima kama rada ya mvua bado inaona vizuri. Leo asubuhi mvua ilikuwa inapiga madirisha ya biro, ziwa limekuwa jeusi, lakini kwenye ekrani ya rada anga ni safi kabisa! Nikatoka inje, nikalowa, nikainua macho. Ile kofia kubwa inayofunika rada, zamani ilikuwa nyeupe, siku hizi inang'aa kama sufuria mupya. Waliipaka rangi ya mabati sababu wageni wakubwa walikuwa wanakuja. Rangi ile ina chuma ndani, na rada haiwezi kuona kupitia chuma.

Nikamwambia shefu wa biro, "Papa, mumepofusha rada!"

Akanijibu, "Lakini wageni walisifu sana. Ni pale mbele yake walipigia foto."

Tangu wakati ule redio inafuata ekrani hiyo hiyo, inatangaza ziwa limetulia, na wamama wa samaki wanapanda boti na watoto mugongoni. Foto!

Mvua ilipokatika nilipanda juu na musasa, nikaanza kukwangua mwenyewe. Mikono inayokuandikia imechubuka.

Mama, najua unatamani kuja kuniona. Hata redio iseme nini, usipande boti kwanza. Toka inje, tazama mawingu wewe mwenyewe. Macho yako, hakuna mutu ameyapaka rangi.

Mutoto wako anayekuwaza,
Ilunga