Kodeki Niliyomchagulia Bibi Somoe

Jumatano, Machi 2009
Magomeni, Mtwara

Mvua haijakatika tangu alfajiri, nami nimeamka na hasira. Sina ugomvi na mtu. Nimejikasirikia mwenyewe.

Mwaka juzi nilikwenda Mpapura kumrekodi Bibi Somoe, mfinyanzi. Hana gurudumu. Chungu kinatulia chini, yeye ndiye anayekizunguka kinyumenyume, ameinama, kiganja kikilainisha udongo. Nilirekodi saa nzima. Nilijua nimepata kitu.

Nikarudi nyumbani nikafanya ujinga. Kompyuta ilikuwa imejaa video za harusi za wateja wangu. Nikatafuta kodeki, ile programu ya kubana video, inayobana picha kadiri zinavyobanika, saa nzima ikaenea kwenye CD moja. Faili la awali nikalifuta. Mkanda nikaurekodia harusi nyingine juu yake.

Nilijiona mjanja.

Mwezi uliopita watu wa Dar wanaouza vipande vya video kwa watengeneza filamu waliona sampuli yangu ya video ya bibi, ndogo kama stempu. Wakaipenda, wakataka video yenyewe. Nikaligeuza faili langu kwa kodeki nzito, ile ya kuhariria, nikidhani ubora utarudi. Faili likavimba. Picha ikabaki vilevile: vidole vya bibi vimekatika kuwa miraba midogo midogo, udongo na ngozi havitofautiani. Wakajibu mstari mmoja tu: "Hii ilishabanwa mno, haitufai."

Kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi. Hilo sikulijua, na kuuliza niliona aibu.

Jana nikaenda tena Mpapura nimrekodi upya. Nilimkuta amekaa barazani. Kiharusi kilimpata baada ya Idi. Mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea ile picha yangu?"

Kodeki ningemwelezaje? Nikamwambia niliikunja sana ipate kuenea, ikaharibika.

Akauliza, "Ulikuwa unatafutia nini nafasi?"

"Harusi za watu, bibi."

"Harusi," akasema. "Watu si wanaoana kila siku?"

Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu.

Nilipoanza kufunga begi akanizuia. "Nichukue hivi hivi. Ila ngoja kwanza." Kwa mkono wa kushoto akaivuta kanga, akaufunika ule wa kulia. Kisha akatazama kamera mpaka mimi nikashindwa kuvumilia, nikaizima.

Leo nimeshinda nikiuingiza mkanda kwenye kompyuta. Sijabana kitu. Nafasi ikinipungukia, zitafutwa harusi.

Picha ni safi mno. Unaona hata nyuzi za kanga.

Chungu hakimo.