Vidaka vya Mama

Pangani, Jumatano

Dada Rukia, shikamoo. Huku tu wazima, ila mvua haitupi nafasi.

Leo nimepita kwenye nyumba yetu ya zamani. Chini ni mawe yale yale ya baba yake babu, na ghorofa aliyoiongeza babu ingali na roshani yake ya mbao. Mwenye nyumba wa sasa, Bwana Salehe, anageuza lile duka la chini kuwa ghala la mbata. Tulikuwa tunazungumza mlangoni, fundi aliyekuwa akibandua lipu akaita, "Njooni muone! Ukuta huu una vidaka!"

Vilikuwa vitatu, vishubaka vya kuwekea vitu vilivyochongwa ukutani, na cha katikati kimepakwa rangi ya buluu. Dada, nikayakumbuka maneno yako. Ulikuwa ukituambia kwamba Mama alikunyanyua uchukue kikuba chake cha asumini kwenye kidaka cha buluu. Mashangazi wakasema umeota, nami niliyezaliwa siku aliyokufa nikacheka pamoja nao. Kumbe Baba aliviziba alipokipangisha chumba kuwa duka.

Nilitia mkono ndani, nikalia mbele za watu. Bwana Salehe akasema, "Nyamaza, mwanangu. Hivi haviguswi. Mwite dada yako aje avione."

Basi njoo. Nisamehe kwa kukucheka. Nataka unihadithie yote unayoyakumbuka juu ya Mama, na safari hii nitakusikiliza.

Wabusu watoto.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaidi