Jeraha Nitalisimulia Mwenyewe

Karakana ya Miguu,
Jumapili asubuhi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu wawili, na kwamba lile goti lililokuwa likikusumbua ukipima ardhi ya miteremko limetulia. Mimi mwili hauna neno, ila mikono imekakamaa kwa plasta, hata kalamu naishika kama mwiko. Utanisamehe mwandiko.

Najua utashangaa kupata kurasa nyingi kutoka kwa mtu ambaye simu zake hazizidi dakika tatu. Nina habari ambayo simu ingeiharibu, na nusu ya habari hiyo ni mali yako, maana inahusu daftari lako jekundu. Ndiyo, lile ulilotungia mchezo wetu tulipokuwa shule: kila mtu anajibunia mhusika, mmoja anakuwa msimulizi, na vita vikizuka dadu mbili ndizo zinazoamua. Ulipoolewa uliliacha kabatini, nami nikalichukua bila kukuomba. Limo humu karakana, kati ya misumeno na makopo ya gundi. Kila Jumamosi mchana, kazi ya kuchonga miguu ya bandia ikisimama, napangusa meza ya plasta na tunacheza na wagonjwa wanaosubiri miguu yao. Wanakaa hosteli ya hospitali wiki sita, nane, hata kumi, na huko kusubiri kunawachosha kuliko mazoezi.

Mezani siku hizi tuko wanne. Yupo mwalimu wa hesabu, ambaye kisukari kilimchukulia mguu wa kushoto. Huyo hata biskuti anazigawa kwa rula. Yupo fundi cherehani tunayemwita Bi Mikasi, kwa sababu ya ulimi wake, si ya kazi yake. Na yupo mama mmoja askari wa zimamoto, aliyeangukiwa na ukuta wa ghala la rangi akiwa kazini. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti. Ule niliomchongea ulitundikwa ukutani wiki saba nzima, na wiki zote hizo hakutaka hata kuugusa. Mtaalamu wa viungo alimbembeleza, daktari akamfokea. Yeye alijibu kwa adabu tu kwamba atajaribu kesho.

Lakini tukikaa mezani alikuwa mtu mwingine. Mhusika wake alikuwa nahodha wa kikosi cha milimani, naye alimwongoza kwa sauti ya amri, mpaka wauguzi waliopita koridoni walichungulia.

Hapa sina budi kukuambia kwamba jedwali lako la majeraha nililichezea. Uliweka mistari kumi na mmoja, kuanzia jumla ya mbili hadi kumi na mbili, na kwenye tisa uliandika: “Mguu umekatika. Mhusika ametoka vitani.” Sasa Dada, ningeusomaje mstari ule mbele ya watu wale? Nilikata kipande cha karatasi nyeupe, nikaandika “Amejikwaa,” nikakibandika juu yake. Miaka mitatu, kila tisa ikitoka, mtu anajikwaa. Bi Mikasi aliwahi kuuliza ni nchi gani hii ya mawe matupu.

Jumamosi moja kikosi cha nahodha kilikuwa kinavusha wanakijiji kwenye daraja la kamba, wavamizi wakiwafuata kwa nyuma. Nikarusha dadu za adui. Tano na nne. Nikasema harakaharaka kwamba nahodha amejikwaa. Zimamoto akanitazama usoni, akalivuta daftari, akapitisha ukucha chini ya ile karatasi, ikabanduka. Akausoma mstari wako kwa sauti.

“Fundi,” akaniuliza, “umenibandikia karatasi tangu lini?”

Nikamwambia tangu kabla hajaja, na kwamba tungeweza kurusha upya. Akakataa katakata. Alisema tangu alipozinduka kitandani kila mtu amekuwa akimfichaficha, hata kioo kirefu cha hosteli kuna mtu alikigeuza kikaangalia ukuta. Dadu zimesema mguu umekatika, basi umekatika. Nami, kwa unyonge, nikasema kwamba kwa sheria hiyo nahodha ametoka vitani.

“Nani kamtoa?” akasema. “Mguu ndio umeondoka. Yeye yupo.”

Basi hapo ukazuka ubishi ambao ungeufurahia. Mwalimu alishika upande wako. Alisema sheria ni sheria. Leo tukimwachia nahodha, kesho kila mtu atakataa kufa, na mchezo utakuwa porojo. Mimi nikasema neno la mwisho ni la msimulizi, ndivyo dada alivyoandika. Bi Mikasi akatuambia sote wawili tunaongea kama madaktari wanaopita wodini: wanakueleza ulivyo, wanaondoka. Yeye akashauri hivi: jeraha libaki la dadu, hakuna wa kulifuta wala kulipunguza, lakini namna lilivyotokea, na mtu alifanya nini baada yake, aseme mwenye mwili. Mwalimu alifikiri sana, akasema hilo anaweza kulikubali, kwa kuwa jumla haibadiliki. Nikaliandika kwenye jalada la ndani la daftari lako kwa kalamu ya wino, kwa hiyo halifutiki.

Kisha tukamgeukia zimamoto.

Dada, sina ufundi wa kukuletea alivyosimulia. Alisema maumivu hayatangulii. Kinachotangulia ni hasira ya kipuuzi kwamba umepoteza kiatu kizuri. Alisema nahodha alitafuta kiatu chake kwa macho kwanza, ndipo akaelewa. Halafu akakaa chini katikati ya daraja, kwa kuwa kusimama hakukuwezekana, akajifunga ile kamba kiunoni, akawa yeye ndiye nguzo. Wanakijiji wakavuka wakimshika bega mmojammoja, naye akawahesabu kwa sauti mpaka wa mwisho. Arobaini na mbili. Aliwahesabu kwelikweli pale mezani, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Alipomaliza aliomba maji, akanywa, akatuambia kwamba ghalani walikuwa watu watatu, na wote walitoka.

Hatukuwahi kumsikia akilitaja ghala.

Jumatatu, kabla sijavua koti, nilimkuta mlangoni na magongo yake. Alinyoosha kidole ukutani akasema nimteremshie ule mguu, na kama unabana nisimwambie atauzoea, niukwangue. Ulibana, nikaukwangua mara tatu. Siku ya tatu alishika vyuma viwili vya chumba cha mazoezi, akaenda hatua kumi na moja. Mwalimu alizihesabu, na Bi Mikasi alipiga kigelegele mpaka daktari akaja mbio akidhani kuna mtu ameanguka. Nimechonga miguu zaidi ya mia tatu, lakini sijawahi kujivunia kazi yangu kama siku ile, na najua fika kwamba sehemu kubwa ya kazi ile haikufanywa na patasi yangu.

Mtaalamu wa viungo ameomba sheria zetu azinakili kwa ajili ya wodi ya watu wa uti wa mgongo. Tumeshatengeneza nakala nane, kwa mwandiko wa mwalimu. Ukurasa wa kwanza wa kila nakala unasema mchezo ulitungwa na dada yangu, mpima ardhi, akiwa na miaka kumi na sita. Kwa hiyo jivune, tena jivune mbele ya shemeji.

Sasa lililonikalisha chini kuandika.

Wiki mbili baadaye zimamoto alidai kiti cha msimulizi. Ikawa mara yangu ya kwanza kucheza kama mchezaji wa kawaida. Nilikuwa mganga anayemlinda malkia mzee. Wavamizi wakaingia ngomeni, dadu zikarushwa, malkia akafa ghorofani mimi nikiwa chini. Zimamoto akanigeukia. “Haya Fundi, tuambie ilikuwaje.” Nikafungua mdomo niseme kwamba nilikimbia juu nikamshika mkono. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema kwamba mganga aliitwa, akajibu anakuja, halafu akaendelea kusaga dawa. Walijua mara moja kwamba simsemi mganga. Mwalimu ndiye aliyeniuliza kwa upole kama kuna mtu mwingine anayestahili kuisikia habari hiyo. Nikajibu yupo.

Dada, siku mama alipofariki sikuwa naye. Muuguzi wa wodi ya juu, alikokuwa amelazwa, alipiga simu hapa karakana saa nne asubuhi, akasema nipande haraka. Nilikuwa nimechanganya ndoo ya plasta. Nilimwambia nakuja. Ndoo moja ya plasta si kitu, ningeiacha igande. Lakini niliimimina kwenye kalibu, nikalainisha, nikanawa mikono mara mbili, ndipo nikapanda ngazi, tena polepole. Niliogopa, hakuna sababu nyingine. Nilimkuta ameshafunikwa. Nilikuambia alinishika mkono na kukutaja jina, kwa kuwa ulikuwa mbali na ulikuwa unalia. Hakunishika. Kama alikutaja, sikuwepo kusikia. Muuguzi aliniambia jambo moja tu: kwamba mama aliomba pazia lifunguliwe, wakalifungua, akatazama nje.

Hilo la pazia ndilo la kweli, na limekuwa lako tangu miaka minne iliyopita. Nisamehe kwa kulichelewesha. Ukitaka kunigombeza, nigombeze. Nitazisoma kurasa zote, hata zikiwa ishirini. Ninachoomba ni kwamba usinifichie hasira kwa kunionea huruma.

Zimamoto anaondoka Alhamisi. Wamempa kazi ya kufundisha askari wapya, na ameapa kwamba kuanzia lango kuu hadi gari atakwenda kwa miguu yake miwili, asishikwe na mtu. Mwalimu na Bi Mikasi wanakusalimu wewe uliyetunga sheria. Mwalimu anasema mstari wa saba una kosa la hesabu, na yuko tayari kukuthibitishia.

Wabusu wapwa zangu, mwambie shemeji nimemkumbuka. Nami nakaa na kuisubiri bahasha yenye mwandiko wako, iwe nene au nyembamba.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Miguu