Nimemfukuza Mtani Wangu Msibani, na Uchaguzi U Karibu

Mpendwa Mama Auleria,

Naomba msaada wako, na ukiichapa barua hii jina langu ulifiche, maana mie ni mtu mzima wa miaka hamsini na sita, mwalimu mkuu mstaafu, Mzaramo wa hapahapa Dar es Salaam, naishi Kiwalani, na mwaka huu nimejitosa kugombea ubunge wa jimbo letu, zimebaki wiki mbili tu watu wapige kura, na nimeharibu jambo ambalo sijui nilitengeneze vipi.

Mama, kampeni yangu ni moja tu, turudi kwenye mila. Tangu biashara zifunguliwe ni mitumba, ni vibanda vya video kila kichochoro, watoto wa darasa la sita wanajua majina ya wacheza karate kuliko ya babu zao, wanawake wanatembeza masinia barabarani mpaka isha, nikasema hapana, na kila mkutano naahidi kwamba nikiingia bungeni adabu itarudi na mwanamke atakuwa nyumbani kwake jua likizama, na watu wananipigia makofi, hasa wanaume, siwezi kusema uongo.

Sasa mwezi uliopita mama yangu mzazi akafariki, Mungu amrehemu. Watani wetu Wanyamwezi walikuja kama ilivyo ada, wakachota maji, wakapika, wakatutania, na mie nikavumilia yote mpaka siku ya tatu, siku ya hitima, ndipo Bi Nyamizi, anayeuza vitumbua sokoni Buguruni na ni jirani yangu miaka kumi na tisa, akaingia chumbani kwangu bila hodi, akatoka amevaa kanzu yangu na koti langu la kampeni na miwani yangu, akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akaanza kuwahutubia waombolezaji kwa sauti yangu hasa, mpaka na vile ninavyokohoa. Akasema, "Ndugu wananchi! Mkinichagua, jua likizama wanawake wote ndani! Na huyu mama yangu, aliyekuwa akichukua samaki Kunduchi na kuwauza mpaka isha ili mie nisome, ningekuwa mbunge enzi hizo ningemfungia ndani na yeye, na leo ningekuwa nauza karanga stendi!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, mashehe nao wakainama kuficha meno. Mie damu ikanipanda. Mama yangu hana hata siku nne kaburini, mtu ananitukania mama! Nikamvuta mkono akashuka, nikamwambia, "Mwanamke huna adabu, toka kwangu," nikaagiza vijana wa kampeni wamtoe. Akavua miwani, akanikabidhi mkononi, akaondoka, na watani wote wakamfuata, sufuria la wali likabaki jikoni halina mtu wa kulipakua.

Tangu hapo, mama, hakuna Mnyamwezi anayenijibu salamu Kiwalani. Wazee wa ukoo wananiuliza arobaini ya marehemu itasomwaje bila watani, na arobaini yenyewe ni Ijumaa hii. Mwenyekiti wangu wa kampeni, Fakihi, anasema nisithubutu kuomba radhi, mgombea akimwangukia muuza vitumbua ameshakwisha, bora nimshtaki polisi kwa kunitusi. Binti yangu Raudha yeye aliniuliza mara moja tu, "Baba, hizo mila unazozihubiri ni zipi?" Nimshtaki, nimwombe radhi, au nijitoe kabisa? Nisaidie kabla ya Ijumaa.

Mgombea mwenye msiba,
Kiwalani.

Mama Auleria anajibu:

Pole sana kwa msiba, mwalimu. Kufiwa na mama kunauma hata kama mwenyewe una mvi kichwani. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa sijui hapo Kiwalani mna wagombea wangapi waliostaafu ualimu na wana arobaini Ijumaa hii.

Haya, pole imekwisha, sasa kaa nikuseme. Wewe baba umezunguka jimbo zima na kipaza sauti ukiwaambia watu warudi kwenye mila. Mila ikakufuata mpaka nyumbani, siku inayopaswa kuja, ikafanya kazi yake, wewe ukaiita haina adabu, ukawaagiza vijana waitoe nje! Mzaramo mzima unamfukuza mtani msibani? Hata hao watoto wa video wasingethubutu. Mtani haingii msibani kwa hodi. Kazi yake ni kuwapunguzia wafiwa uchungu, na Nyamizi aliifanya, si umeandika mwenyewe kwamba watu walicheka mpaka wakakaa chini?

Halafu unasema alikutukania mama. Barua yako nimeisoma mara tatu, tusi sijaliona. Yule mwanamke alimsifu marehemu mbele za watu, kwamba aliuza samaki mpaka isha ukasoma, ukawa mwalimu mkuu, leo unautaka ubunge. Aliyekuwa akimsema vibaya mama yako kila mkutano ni wewe, ila hukujua kwamba ni yeye unayemsema. Hapo ndipo palipokuchoma, usinidanganye.

Usijitoe. Wala usiache kuhubiri maadili. Hata mie vile vibanda vinanikera, watoto wamejazana mle saa za shule, hilo liseme, na uliseme kwa nguvu. Lakini hili la kuwafungia wanawake ndani liondoe, na useme jukwaani kwamba umeliondoa na sababu yake ni nini. Wasimulie habari za mama yako. Kisha ahidi kupigania taa pale sokoni, wanaouza jioni wauze kwenye mwanga na warudi kwao salama. Hiyo nayo ni adabu, mwalimu.

Fakihi mwambie akapumzike. Polisi gani atafungua jalada la mtani? Watakucheka wao kwanza, magazeti yafuate.

Kesho asubuhi nenda kwa Nyamizi kwa miguu yako, bila kamati, bila mshenga, bila skafu ya chama. Usijieleze. Sema, "Nimekosa, mtani wangu, nitoze faini." Akikwambia twanga, twanga. Akikwambia ubebe maji ya arobaini, beba, na uache wakucheke mpaka wachoke. Kisha mwombe Ijumaa aje aimalizie ile hotuba uliyoikatiza, nawe ukae mbele uisikilize. Kura sijui, mie si mpiga ramli, lakini watu hawaoni taabu kumpa kazi mtu waliyemcheka naye akacheka nao. Nina matumaini na wewe, na nadhani Raudha naye anayo.

Limebaki moja. Uliponiandikia hukujiuliza Auleria ni mtu wa wapi. Baba yangu ni wa Urambo, mama yangu wa Sikonge, Mnyamwezi pande zote mbili, na siku ile msibani ulitufukuza sote. Kwa hiyo na mie nakutoza: kuku mmoja, tetea, aliyenona, umlete hapa ofisini umembeba mwenyewe kwapani, umevaa suti. Mlinzi wa getini nimeshamwagiza asikupokee huyo kuku. Panda naye ngazi mpaka ghorofa ya tatu, Mzaramo wee!