Hatua Kumi na Nne Hadi Jikoni

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba, mama. Huku Pangani tu wazima, na mbuzi amezaa mapacha. Unauliza kwa nini natembea uani nimefumba macho. Najua ni baba yako anayetangaza kwamba nimechanganyikiwa, ilhali nyumba hii nimeijenga peke yangu!

Nilipokuwa msichana, shangazi yangu wa Kigombe alifanya vivyo hivyo. Mama yake, bibi yangu, alipofuka uzeeni, basi shangazi akawa anajizoeza mapema: toka kitandani hadi jikoni, hatua kumi na nne.

"Acha uchuro, shangazi!" nilimwambia. "Unajiitia upofu."

Akacheka. "Uzee hauitwi, mwali, unakuja wenyewe. Mimi naufagilia njia tu."

Miaka ishirini baadaye nilikwenda kumwona, haoni kabisa. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Akainuka, akaenda jikoni bila kupapasa ukuta, akanimiminia chai kikombe kikajaa, hata tone halikumwagika. Nikaona ni muujiza, na muujiza wenyewe ulikuwa hesabu.

Macho yangu ni mazima, Rehema. Nataka niijue njia wakati bado naweza kuyafumbua.

Bibi yako