Amesema Usije

Jumatatu, 4 Novemba

Amri imekuja. Imepitia sufuria ya umeme, kama kawaida — kwanza ile sauti ya kike ikatangaza wali umeiva, kisha ikaja sauti ya Mkuu. Nirudi nyumbani! Chombo chetu cha angani kitatua juu ya paa la hapa ninapopanga, Jumanne ijayo asubuhi. Ripoti zangu zinapingana, anasema. Mwaka wa kwanza niliandika kuna njaa kali katika mji huu wa Jeonju, kwa kuwa kila niliyekutana naye aliniuliza kama nimekula. Sasa naandika kwamba wanakula mno. Nichague moja.

Nimefurahi. Kwetu mtu akisema jambo, ndilo hilo. Hapa jirani, Bwana Tak, aliniambia tutakula pamoja siku moja. Kesho yake nikakaa mlangoni kwake tangu asubuhi, kijiko mkononi; akaniuliza nimefuata nini. Nimewachoka watu hawa.

Jumatano, 6 Novemba

Mama Bong-rye, mwenye nyumba wangu, atapasuliwa goti Jumanne. Jumanne hiyo hiyo! Leo alizungumza na bintiye, Seon-yeong, aliyeko Hanoi. Alipiga kelele kana kwamba Hanoi wangemsikia hata bila simu. Asije! Nauli ya nini? Mjukuu ana mitihani, hili ni goti tu, yeye hana shida yoyote.

Baadaye Seon-yeong akanipigia mimi. Kaka Pyo, nieleze ukweli, mama anasemaje hasa? Nikamweleza ukweli: anasema usije, na amesisitiza. Akanishukuru sana. Nikajiona mtu wa maana.

Alhamisi, 7 Novemba

Mama kanuna. Anakata figili hadi ubao unaruka. Supu yangu imekuja bila nyama.

Mchana Gwi-nam, yule mwenye saluni ya jirani, alipita kuuliza kama binti anakuja. Aje kufanya nini, Mama akasema, nimemkataza! Mgeni alipotoka nikamsikia Mama jikoni, peke yake: "Mtoto gani huyu? Anaambiwa usije, na kweli haji!"

Nikakimbia saluni nifafanuliwe. Gwi-nam akanichapa mgongoni kwa kitana.

"We Pyo, huko milimani kwenu ulilelewa na nani? Usije ni njoo!"

(Wote wanadhani natoka milima ya Gangwon. Lafudhi.)

Na njoo je, nikauliza, ni nini?

"Njoo haipo. Mzazi akishasema njoo, ameomba. Unataka mama wa watu aombe?"

Nimeharibu. Nimeharibu kabisa!

Jumamosi, 9 Novemba

Nimempigia Seon-yeong. Alilia, akanigombeza, akalia tena. Ndege zote zimejaa, atafika Jumatano jioni.

Na hapa mgonjwa haachwi peke yake. Ndugu yake hulala kando yake, kwenye kibenchi kinachovutwa kutoka chini ya kitanda. Asiye na mtu, wodi nzima humtazama na kunong'ona. Jumanne atalala nani pale? Namwonea huruma, na mwenye kosa ni mimi.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimemwambia Mama kwetu wananiita, naondoka kesho. Akajibu:

"Nenda, nenda! Kwani mimi mtoto mchanga? Wazee wako wanakungoja."

Kisha akaanza kunifungia kimchi, ile kabichi yao ya kuchachusha yenye pilipili, na dagaa wa kukaanga, na chupa ya mafuta ya ufuta. Akanikunjia hata soksi. Nikamwuliza waziwazi: Mama, hiyo nenda ni nenda, au ni baki?

"Nenda ni nenda, kapera we!" Akabamiza mlango.

Sasa nifanyeje? Gwi-nam leo kafunga saluni.

Jumanne, 12 Novemba

Hospitali. Nimesema namsindikiza tu. Ndani ya nguo za wodi Mama amekuwa mdogo sana.

Muuguzi akauliza nani anabaki na mgonjwa. Mama akaniwahi: "Sina mtu. Huyu ana safari, mwacheni aende. Halafu kibenchi chenyewe kifupi, miguu yake itapata baridi."

Hakuna aliyekuwa ametaja kibenchi.

Muuguzi akanigeukia. Wewe ni nani wake? Mtoto wake, nikasema. Mama akatazama dari, hakubisha. Wakamsukuma kwenda kupasuliwa.

Mashine ya kahawa ya kwenye korido ikakohoa, ikaniita kwa jina langu la kwetu. Mkuu. Wameshatua juu ya paa, niko wapi? Kumdanganya muuguzi ni kitu kimoja, lakini Mkuu!

"Niko njiani," nikajibu. "Karibu nafika."

Nimerudi wodini, nimekivuta kibenchi, nimevua viatu. Ni kifupi kweli. Mkuu ameniamini — kwetu hakuna asiyeamini. Amesema wananisubiri.