Ndevu Zilizomrudisha Mpwa Wako Shuleni

Nyuma ya mashine ya kusaga,
Jumapili, tarehe 4 Desemba.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote, u mzima? Mgongo je, umepoa au bado unakusumbua? Wifi na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila shemeji yako ana kikohozi ambacho hataki kukikiri.

Sasa kaa vizuri. Mpwa wako amemaliza shule ya msingi, na amefaulu. Kati ya wasichana wote wa shule yetu yeye ndiye wa kwanza. Sijisifu, kaka, jina limebandikwa ukutani na kila mtu analiona. Nimepita pale mara tatu, na mara moja nilikuwa na shughuli kweli.

Nakuandikia kukushukuru, maana bila barua yako haya yasingekuwa.

Nilimpeleka kuandikishwa akiwa na miaka saba. Mwalimu akamwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Haukufika, tukaambiwa bado mdogo. Mwaka uliofuata haukufika tena, mikono mifupi kairithi kwetu. Nami na kisomo changu cha kuungaunga nikamrudisha nyumbani, na kadi yake ya kliniki, yenye tarehe ya kuzaliwa, imelala sandukuni. Kosa ni langu. Akaanza na miaka tisa, na mwaka huu wa mwisho alikuwa binti mzima kati ya watoto. Wakambandika jina la Shangazi. Kila akiingia darasani: "Shangazi, umetuletea nini?"

Miezi mitatu kabla ya mtihani akaweka madaftari juu ya kabati, akasema haendi tena. Nikabembeleza, nikagomba, baba yake akamleta mwalimu mkuu hadi nyumbani. Wapi! Jirani naye akaanza kunidokezea kuwa mwanawe, fundi baiskeli, anatafuta mke. Nikamwambia kwangu hakuna kilichopata pancha.

Ndipo barua yako ikafika, nikamsomea kwa sauti: kumbe nawe ulimaliza shule ukiwa na ndevu, ukawadanganya wenzako kuwa ni masizi, mpaka mwalimu akakuletea sabuni. Miaka yote hiyo hukuniambia! Binti alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaniuliza, "Kesho yake mjomba alirudi?"

"Alirudi."

"Na sabuni?"

"Alinawia."

Asubuhi niliamka nikakuta ameshaondoka, na juu ya kabati hamna daftari.

Wasichana walioanza naye walikuwa kumi na tisa. Waliofika mwisho ni sita. Wengine wameolewa, wengine wamebebeshwa wadogo zao mgongoni. Nikiwakumbuka, furaha yangu inapata mwiba.

Siku ya mtihani wa mwisho, aliporudi, alifua sare yake, akaipiga pasi. Nikadhani anaitunza kwa kumbukumbu. Kumbe aliipeleka nyumba ya nne, kwa binti aliyeachia darasa la tano kwa kukosa sare. Jumatatu yake nilimwona mtoto yule akipita mbele ya mashine, sketi imemzidi, kaikunja kiunoni mara mbili, anakimbilia kengele.

Nisalimie wifi, na yule mwanao Machachari, na mama mkwe wako kama kazibuka masikio. Mungu akuzidishie umri, na uzeeni akupe wa kukushika mkono kama ulivyomshika mwanangu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
mama wa msichana wa kwanza.